Betri za bei rahisi zinatunyima picha, tuache kuzitia kwenye kamera

UVIRA, Kivu ya Kusini – Kuanzia Kavimvira mpaka Baraka kuna picha nyingi ambazo hazikupigwa, na sababu yake ni ndogo kama kidole: betri. Mvua imebomoa daraja. Kijana mwenye kamera amefika wa kwanza. Anapiga picha ya kwanza, anapiga ya pili, kwa ya tatu kamera inajizima na mdomo wake ungali nje. Siku chache baadaye kiongozi mmoja anasema kwamba daraja halikuharibika sana. Raia wanasema liliharibika kabisa. Picha iko wapi? Haipo. Basi neno la mkubwa ndilo linaloandikwa kwenye ripoti.

Wengi wanalaumu kamera. Wanasema hizi kamera ndogo za dijitali ni za Wachina, hazina nguvu. Kamera haina kosa. Kosa ni la betri tunazouziwa sokoni, na kosa kubwa zaidi ni kuendelea kuzinunua.

Tuanze na maandishi yaliyo juu ya betri, kwa kuwa hapo ndipo tunapodanganywa mchana kweupe. Betri za saizi AA, zile tunazoita mabuye madogo, zote zina umbo moja, lakini ndani hazifanani. Tafuta herufi ndogo zilizoandikwa ubavuni. Ukiona R6 au R6P, hiyo ni betri ya zinki na kaboni, ya zamani, ya radio na saa ya ukutani. Ukiona LR6, hiyo ni alkalini. Ukiona HR6, hiyo ni ya NiMH, inayochajiwa tena na tena. Ukiona FR6, hiyo ni ya lithiamu, yenye nguvu nyingi na bei kubwa, na ikiisha inatupwa. Herufi hizo hazidanganyi. Maneno makubwa ya rangi nyekundu na dhahabu, “Super”, “Extra”, “Heavy Duty”, ndiyo yanayodanganya. “Heavy Duty” karibu kila mara ni R6 tu iliyovaa koti la sikukuu.

Kwa nini R6 haifai kamera? Si kwamba haina kitu ndani. Ni kama bidoni iliyojaa maji lakini mdomo wake ni mwembamba: maji yamo, ila hayatoki haraka. Radio inakunywa kidogo kidogo, kwa hiyo R6 inaitosha wiki nyingi. Kamera inakunywa kwa pupa. Kuna mota ya kusukuma lenzi, kuna kioo cha nyuma, na kuna flashi ambayo lazima ijazwe upya kila inapowaka. Ikiombwa nguvu nyingi kwa mara moja, R6 inaanguka, na kamera inaandika kwamba betri imekwisha. Toa betri hiyohiyo uitie kwenye radio: inaimba vizuri. Tena hapo muuzaji anapata hoja ya kukushinda. Anachukua tochi ndogo, anaiwasha mbele yako, anasema: “Unaona, mukubwa? Ni nzima.” Jaribio la tochi halionyeshi chochote kuhusu kamera. Usikubali kulipa kwa sababu ya taa hiyo.

Tena watengenezaji wenyewe hawakuficha. Kijitabu cha Canon PowerShot za aina ya A, zinazotumia AA, kinataja alkalini na NiMH, na idadi ya picha kinachotoa kwa NiMH ni kubwa sana kuliko ya alkalini. R6 haimo katika hesabu hiyo. Nikon Coolpix za aina ya L zina mahali kwenye menyu pa kuchagua aina ya betri uliyotia. Usipochagua sawasawa, kamera inaweza kukuambia betri imekwisha na bado ina nguvu.

Sasa najua watakaonijibu.

Wa kwanza atasema: “HR6 imeandikwa volti 1,2, na R6 imeandikwa 1,5. Iliyo kubwa ndiyo yenye nguvu.” Si hivyo. Ile 1,5 ni ya betri iliyolala. Kamera ikianza kazi, R6 inashuka mara moja, lakini HR6 inakaa karibu na 1,2 yake mpaka karibu na mwisho. Mbebaji anapimwa akiwa na mzigo kichwani.

Wa pili atasema: “Sisi ni maskini, betri za kuchaji na chaja yake ni za matajiri.” Huyu nampenda, lakini hesabu yake haitimii. Chukua bei ya soko lako. Hesabu betri za R6 ulizonunua kwa arusi tatu, maziko mawili na mkutano mmoja wa kartie. Ongeza pesa ambazo mwenye arusi alikataa kulipa kwa sababu picha za keki hazikutoka. HR6 nzuri inachajiwa mamia ya mara. Maskini ndiye asiyeweza kununua R6 kila Jumamosi. Wazee walishasema, rahisi ghali.

Wa tatu atasema: “Umeme uko wapi?” Ni kweli, mabwawa ya Ruzizi yako karibu nasi, na bado nyumba nyingi ziko gizani. Lakini simu zetu zinachajiwa wapi? Kwenye vibanda vya jenereta na kwenye bamba za jua, hata kule Mboko. Peleka chaja yako hapohapo. Nunua betri nane: nne kazini, nne zikichajiwa.

Na unaponunua, fungua macho. HR6 iliyoandikwa 4000 mAh ni uongo. Za kweli hazipiti sana 2700. Afadhali ya 2000 iliyo ya kweli. Chagua zile zilizoandikwa kwamba zimejazwa kiwandani tayari kutumika, kwa sababu zinatunza chaji miezi mingi, na zile za kawaida zinapungua zenyewe mfukoni. Usichanganye mpya na nzee. Usiku wa safari, kama huna HR6, tafuta LR6 na uangalie tarehe. R6 iache kwenye radio.

Neno langu la mwisho ni kwa mashirika yanayogawia vijana wetu kamera baada ya mafunzo ya siku tatu. Mnatoa kamera, mnapiga picha ya kuitoa, mnaondoka. Ndani mmetia betri mbili za kutupa. Kamera bila chaja na betri zake ni pambo la kabati. Tunaomba kila kamera ije na HR6 nne na chaja, na kama bajeti haitoshi, leteni kamera chache zenye vifaa kamili.

Tusisahau pia R6 zinapokwenda zikifa. Zinatupwa kwenye mitaro, mvua inazikokota mpaka Kalimabenge na Mulongwe, na mito hiyo inamwaga katika Tanganyika, ziwa tunaloteka maji na kuvua ndagala. Kwa hiyo ile betri ya bei rahisi tunailipa mara tatu: sokoni, kwenye picha iliyokosekana, na kwenye maji ya watoto wetu.

Kesho sokoni, kabla ya kutoa franka zako, geuza betri, usome herufi. Kama ni R6, irudishe mezani.