Gereji ya Nyumbani: Mwajiri ni Wewe Mwenyewe



Hapa Jinja, toka Walukuba hadi Bugembe, huwezi kutembea mwendo mrefu bila ya kuona gari limeinuliwa mbele ya nyumba ya mtu, na miguu ya fundi imetokeza chini yake. Wengi wa mafundi hao ni wenzetu. Wapo waliojifunza kazi katika karakana za viwanda, na wapo waliotengeneza matrekta ya mashamba ya miwa. Walipopunguzwa kazi au kustaafu, walichukua kiinua mgongo chao wakafungua gereji uani. Wapo pia walio kazini bado, ambao hutengeneza magari siku ya Jumapili kwa sababu mshahara unakwisha kabla ya mwezi. Hilo si jambo la kuonea aibu. Ufundi ni mali ambayo hakuna meneja awezaye kukunyang'anya.

Lakini kuna jambo ambalo yafaa tuambizane wazi. Tukiwa kiwandani tunadai buti, glavu, miwani na mashine zenye vizuizi. Tukifika nyumbani, yote tuliyomdai mwajiri tunayasahau langoni.

Nilikuwa na rafiki, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima ya jamaa zake. Alikuwa mjumbe wa halmashauri ya tawi letu, na siku tulipokwenda kudai viatu vya kazi yeye ndiye aliyetangulia mbele. Alipolipwa haki zake alinunua kompresa, boksi la spana lenye kung'aa, na akaandikisha kibao kikubwa cha gereji. Kwa kuinulia magari alikuwa na jeki moja ya mafuta, ya mtumba, na matofali. Siku moja aliingia chini ya gari kufungua giaboksi. Jeki ilishuka, tofali likapasuka. Hakutoka mzima.

Baada ya mazishi mjane wake alikuja ofisini akiwa na karatasi zote za mumewe, akaniuliza fidia italipwa lini. Hapa Uganda Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 humtwika mwajiri mzigo wa kulipa mtu anapoumia au kufa kazini. Lakini mwajiri wa yule marehemu alikuwa nani? Alikuwa yeye mwenyewe. Tulichanga tulichoweza, lakini mchango wa msiba hausomeshi watoto.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mtu anayefungua gereji nyumbani ajihesabu kuwa mwajiri, na anunue vifaa kwa mpango ule ule ambao chama kingemlazimisha mwajiri kuufuata. Uhai kwanza, kazi baadaye, mapambo mwisho.

Kitu cha kwanza kununua ni stendi za chuma, angalau mbili, zilizopigwa mhuri wa tani zinazobeba. Gari dogo tu lina uzito wa tani moja hivi au zaidi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mafuta yaliyomo ndani yake yanazuiwa na mpira mdogo, na mpira ukichakaa gari hushuka, pengine polepole, pengine ghafla. Tofali nalo halikupi onyo. Huonekana zima mpaka dakika linapopasuka. Weka stendi mahali pagumu na tambarare, chini ya chesisi au ekseli, kamwe si chini ya sampu ya oili. Kama uwanja ni wa udongo, tandika kwanza ubao mnene au bamba la chuma. Zuia magurudumu yaliyobaki chini. Gurudumu ulilofungua lilaze chini ya gari, karibu na stendi. Kisha lisukume gari kwa mkono kabla hujaingia. Likitikisika vibaya, ni heri litikisike wewe ukiwa nje.

Cha pili ni kinga ya macho na mapafu. Nunua miwani kabla ya mashine ya kukatia chuma, na kizuizi cha mashine hiyo kisifunguliwe. Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Ukichimba shimo la kufanyia kazi, kumbuka kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia humo shimoni ukingojea cheche moja. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo, kwa sababu breki nyingi za zamani zina asbesto. Lifute kwa kitambaa kibichi. Na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu kila siku.

Cha tatu ndiyo spana, na hapa pia tusidanganywe na maboksi makubwa. Kwa magari ya Kijapani yaliyojaa hapa kwetu, ukiwa na 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na 21 ya nati za magurudumu, utafanya sehemu kubwa ya kazi. Ukipokea Land Rover ya zamani au trekta kuukuu la Massey Ferguson, tafuta spana za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, ukiilazimisha 13, utakula kona za nati na kujichubua vidole. Kompresa na kibao cha rangi vingoje mpaka kazi yenyewe ivilipie.

Najua wapo watakaosema, "Wazee wetu walitengeneza malori juu ya magogo, na hawakufa." Ndugu, waliokufa hawapo hapa kutusimulia. Wengine watasema stendi ni ghali. Yule rafiki yangu alinunua kompresa, na kwa bei yake angepata stendi na akabakiwa na chenji.

Tena tukumbuke vijana. Ukimwita mtoto wa jirani akushikie taa chini ya gari, umekwisha kuwa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 humtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Tutakuwa na uso gani wa kumkaripia meneja, ikiwa kijana wetu anaingia chini ya gari lililoegeshwa juu ya tofali?

Napendekeza mambo mawili kwa matawi. Kwanza, wenye gereji za nyumbani wajiunge wanne au watano, wanunue kwa pamoja vile vifaa vya bei kubwa, kama winchi ya kuinulia injini na spana ya kupimia nguvu, na kila kinachotoka kiandikwe daftarini. Pili, kila tawi linunue jozi mbili za stendi na kuwaazima wanachama, pamoja na waliostaafu. Wakati wa kumuaga mwenzetu tumezoea kumpa saa ya ukutani. Kama ni fundi, tumpe stendi.

Hoja hii nitaifikisha katika mkutano ujao wa tawi letu. Naomba nanyi muijadili katika matawi yenu, na kabla ya hapo, kila mwenye gari lililoinuliwa uani kwake leo aende akatazame limesimama juu ya nini.

Umoja ni nguvu.