Diski isipoonekana, tusikimbilie kuizika



"Diski hii imekufa, nunua nyengine." Maneno haya huyasikia sana wanaopeleka kompyuta dukani, na mara nyingi msemaji hata kifuniko hajakifungua. Leo nataka kuyapinga. Diski isiyoonekana si lazima iwe imekufa. Na nyumba iliyoweka kumbukumbu zake zote ndani ya diski inastahiki kuwa na mtu wake mmoja anayejua kuichunguza, kabla haijatoka nje ya mlango.

Nitaeleza kwanza yaliyotufika.

Mjukuu wangu hapa Muscat ana miaka 16. Likizo hii alitaka kuunda kompyuta yake mwenyewe, na baba yake akamkubalia. Vipuri alivikusanya kimoja kimoja, vingi kutoka maduka ya Ruwi, na baada ya siku mbili za bisibisi na mabishano kompyuta ikawaka. Windows aliitia kwenye diski mpya, ile ndogo bapa isiyo na waya, ambayo hulazwa juu ya mazabodi kwenye tundu liitwalo M.2. Siku ya tatu akafunga na diski ya zamani ya nyumba, ile nzito ya chuma, tuliyoitoa kwenye kompyuta iliyokwisha kazi. Akawasha, akaingia BIOS. Diski mpya imo katika orodha. Ya zamani haimo.

Kwa asiyeijua, BIOS ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya mazabodi. Ndiyo inayoamka mwanzo unapobonyeza kitufe, kabla ya Windows. Ukigusa Del au F2 mara tu mashine inapowaka, kwa kompyuta nyingi utaiona. Moja ya kazi zake ni kuita majina: memori ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Mimi nilipokuwa nasomesha nilifanya hivyo hivyo kila asubuhi na daftari la mahudhurio. Mwanafunzi asipoitikia, mwalimu haandiki kuwa amefariki. Pengine kachelewa, pengine yumo darasa la jirani.

Kijana akaenda dukani kuuliza. Akaambiwa: ilete utuachie, tutaitazama. Ikiamka tutaifomati, itakuwa kama mpya. Isipoamka utanunua nyengine. Akarudi nyumbani kuichukua. Mama yake, yaani binti yangu, aliposikia akasimama mlangoni. "Baba," akanambia, "mule mna harusi yangu na harusi za dada zangu. Nani atakayekaa kuziangalia?"

Jamani, hapo ndipo penye uzito. Sote tunajua sherehe zetu za upande wa wanawake. Bibi harusi kapambwa, hina mpaka kwenye viwiko, mama na makhalati wamevaa nguo ambazo mwanamme wa nje hazioni. Simu huzuiwa ukumbini, mpiga picha huwa mwanamke, na kanda hukabidhiwa familia peke yake. Tunachukua tahadhari yote hiyo usiku mmoja, halafu baada ya miaka kumi tunaibeba diski nzima tunampa mtu tusiyemjua jina, na tunamwambia: itazame.

Mule mlikuwa na amana nyengine pia. Mna sauti ya marehemu mama yangu, niliyoihamisha kutoka kaseti, akihesabu nani kazaliwa na nani, tangu Unguja hadi huku Oman. Kaseti yenyewe imeshaharibika. Nakala ya pili haikuwepo. Hilo kosa ni langu, nitalirudia.

Basi nikasema: haitoki. Tutaichunguza hapa hapa juu ya meza.

Sekondari ya misheni niliyosoma ilikuwa na maabara ndogo na kanuni moja kubwa: badilisha kitu kimoja, angalia, andika, ndipo uguse cha pili. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mashine ikapona, hujui kilichoiponya ni kipi. Mjukuu wangu alikuwa ameshachomoa na kuchomeka mambo mengi bila kuandika hata moja. Nikampa daftari na kalamu, tukaanza upya.

Kwanza usalama. Kila tunapotaka kugusa kitu, tunazima kompyuta, tunachomoa plagi ukutani, kisha tunabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Halafu tunashika chuma kitupu cha kasha, umeme tuli wa mwilini usije ukaunguza kitu.

Pili, masikio. Diski ya aina hii ina sahani zinazozunguka ndani, na ile kubwa ya inchi 3.5 huhitaji volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za saketi zake. Ikipata umeme utasikia mvumo, na ukiweka kidole ubavuni utahisi mtetemo mdogo. Yetu ilivuma vizuri, bila mlio wa ajabu. Tukaandika: umeme unafika.

Ingekuwa kimya, tungetazama waya wa umeme, ule mpana wenye pini 15, na kujaribu mwengine wa pawa saplai hiyo hiyo. Nasisitiza: hiyo hiyo. Zile pawa saplai ambazo waya zake huchomoka pande zote mbili, usiazime waya wa pawa saplai nyengine hata kama plagi inaingia sawa sawa. Upande wa diski ni mmoja kwa wote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake atakavyo. Kuna waliounguza diski nzima kwa njia hii, wakitafuta kuiponya.

Na ingekuwa inagonga, tak, tak, tak, bila kukoma, tungezima papo hapo. Mlio huo mara nyingi ni wa maradhi ya ndani, na kuiwasha tena na tena ni kuiongezea jeraha. Diski ya namna hiyo haina dawa ya mezani. Hupelekwa kwa mtaalamu wa kuokoa data, ambaye ni ghali.

Tatu, waya wa data, ule mwembamba wenye pini 7. Tukauchomoa, tukaurudisha mpaka ukashika. Bado. Tukatia mwengine mpya. Bado. Tukaandika.

Nne ilikuwa zamu ya tundu lenyewe kwenye mazabodi. Na hapa lazima nikiri kuwa aliyetutoa si mimi wala kijana. Ni dada yake mdogo, wa miaka 13, aliyekuwa kakaa pembeni na kijitabu kilichokuja na mazabodi, ambacho sisi wanaume wawili hatukukifungua. "Babu," akasema, "hapa wameandika tundu la tano na la sita hayafanyi kazi ukitia diski kwenye M.2. Yetu iko la ngapi?"

Yetu ilikuwa la tano.

Mazabodi nyingi ziko hivi. Njia za kupitishia data hazitoshi kwa kila tundu, basi mengine hugawana njia moja. Diski mpya ikikaa kwenye M.2, baadhi ya matundu ya zamani hufungwa. Kosa halikuwa la mtu wala la kifaa. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo katika jadweli. Tukauhamisha waya kwenye tundu la kwanza, tukawasha, tukaingia BIOS. Jina la diski likatokea. Mwanafunzi alikuwepo siku zote, ila kakaa chumba ambacho mwalimu hapiti. Haikutugharimu hata baisa moja.

Kama nayo isingesaidia, tungeendelea: kutazama ndani ya BIOS kama tundu limezimwa kwenye mipangilio, kuangalia ile betri ya sarafu, CR2032 ya volti 3, maana ikichoka mipangilio inaweza kujifuta, mwisho kuijaribu diski kwenye kompyuta nyengine, au kwenye kasha la USB lenye adapta yake ya umeme. Ikikosekana kote huko, hapo ndipo mtu ana haki ya kusema diski ni mgonjwa.

Na kuna hali nyengine inayowachanganya wengi: BIOS inaiona diski lakini Windows haionyeshi. Hapo waya zimo sawa, usifungue kasha. Huenda diski haikupewa herufi tu, au orodha ya mafaili yake imeharibika. Windows inaweza kukuuliza kama unataka kuitayarisha upya au kuifomati. Ikiwa ndani mna vitu vyako, jibu ni hapana. Watu wengi wamepoteza picha zao kwa kubonyeza ndiyo wakati diski yenyewe ilikuwa nzima.

Sasa najua nitakavyojibiwa. Mwalimu, wewe umestaafu, una wakati. Baba wa watu anarudi kazini Maghrib kachoka, na duka linachukua riali chache. Ni kweli. Na mafundi wengi ni watu waaminifu wanaolisha familia zao, siwatuhumu. Lakini ukichunguza hatua hizi nne nyumbani, itachukua kama saa moja, na mara nyingi hutahitaji kwenda. Ukihitaji, nenda na masharti. Kaa naye anapofanya kazi, usiache diski usiku. Mwandikie kwenye risiti: isifomatiwe bila idhini. Na muulize amejaribu nini na nini. Fundi mzuri atakutajia. Anayesema "imekufa" bila kutaja alichokijaribu, chukua chako uondoke.

Wapo pia watakaosema vitu siku hizi ni rahisi, tununue kipya yaishe. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Diski tupu kweli inauzwa kila pembe. Lakini sauti ya mama yangu haiuzwi Ruwi, wala Dubai, wala London. Watoto wetu wa huku wamezoea kuwa kitu kikigoma kinabadilishwa. Yule anayeunda kompyuta kwa mikono yake ameanza kutoka katika mazoea hayo. Tusimvunje moyo kwa kumwambia apeleke dukani mara tu anapokwama. Kukwama ndiko kunakofundisha.

Na tusiwasahau wasichana. Bisibisi tunampa mvulana, dada yake tunamwambia akae pembeni. Lakini hizo picha tunazohofia zisionekane ni picha za nani? Ni za mama zetu na binti zetu. Basi binti anayejua kufungua kasha na kufuata kijitabu ni mlinzi wa sitara ya nyumba, na halazimiki kumbembeleza mtu. Mjukuu wangu wa kike sasa anaitwa fundi, na kaka yake haoni haya kumuuliza.

Nimalizie na kosa langu. Usiku ule ule tulinakili kila kitu kwenye diski mbili za nje. Moja imebaki nyumbani, ya pili inakwenda kwa dada yangu Unguja, imefungwa kwa neno la siri. Maana diski yetu imepona leo tu. Hiki ni chombo chenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na iko siku kitasimama kweli, wala hapatakuwa na tundu la kuhamishia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliyesomesha watoto wa watu kutunza madaftari, niliweka sauti ya mama yangu mahali pamoja kwa miaka yote hiyo.

Ijumaa hii baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa bado wamekaa, ulizeni maswali matatu. Picha zetu ziko wapi? Nakala ziko ngapi? Na nani katika nyumba hii anaweza kufungua kasha? Kama jibu la tatu ni hakuna, mpeni bisibisi yule mtoto anayependa kusoma vijitabu.