Dereva wa kukodi naye analala wapi?

Hivi ndugu msomaji, mara ya mwisho ulipokodi gari na dereva wake kwenda mkoani, ulimuuliza nini? Bei uliuliza, hilo najua. Uliuliza na AC kama inafanya kazi, mafuta ni juu ya nani, na kama gari litakalokuja ni lile lile uliloliona kwenye picha. Kuna wengine huzunguka gari wakipiga teke matairi, utadhani tairi litajibu. Lakini nani kati yetu amewahi kumtazama dereva machoni akamuuliza, "Kaka, jana ulilala saa ngapi?"

Nauliza kwa sababu kazi yangu ni kuandika habari gazetini, na sisi vijana huanzia kwenye ajali na mahakama za mwanzo kabla ya kuaminiwa habari za bungeni. Habari ya ajali inajulikana ilivyo. Kamanda wa polisi wa mkoa anathibitisha kutokea kwa tukio, anataja idadi ya marehemu na majeruhi, halafu anamalizia kwa chanzo: uzembe wa dereva, mwendo kasi, au dereva kutaka kulipita gari la mbele bila kuchukua tahadhari. Tunaandika hivyo hivyo, aya 6, tunakwenda kula chipsi. Sisemi kamanda anakosea. Ninachosema ni kwamba katika aya zile 6 mtu aliyelikodi gari hana nafasi. Akitajwa, anatajwa kama abiria. Hakuna sentensi inayoeleza nani alipanga gari liondoke Dar saa 4 usiku, na nani alisema lazima kesho jioni lianze kurudi.

Na kwenye gari la kukodi, huyo mpangaji ndiye kila kitu.

Hebu angalia mabasi kwanza. Tumeyalaumu sana, na mengi yanastahili lawama, lakini basi la mkoani leo lina watu wanaolifuatilia. LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za SUMATRA kwenye barabara na reli, inayafuatilia mabasi kwa kifaa kinachoonyesha basi liko wapi na linakwenda mwendo gani. Mabasi ya safari ndefu yanatakiwa kuwa na madereva wawili ili mmoja ampokee mwenzake. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, hayakuruhusiwa hata kusafiri usiku kucha. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023, na hata lilipoondolewa yaliwekwa masharti. Unaweza kubishana na utekelezaji wake, lakini kanuni zipo na kuna mtu wa kumuuliza.

Sasa mwenye fedha kidogo anasema, mimi basi sitaki, basi ni hatari, acha nikodi Noah au Alphard yangu niende kistaarabu na familia. Anatoka kwenye chombo chenye madereva wawili anaingia kwenye chombo chenye dereva mmoja. Hakuna kifaa kinachomfuatilia, hakuna wa kumpokea usukani, na ratiba inapangwa na abiria mwenyewe. Humo ndani ya Noah wewe ndiye LATRA. Wewe ndiye unayesema twende au tulale.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui hela tunayolipa inakwendaje. Nimekaa na madereva hawa kwenye maegesho yao pale mjini, nimekunywa nao kahawa, na hesabu yao ni hii. Magari mengi si ya wanaoyaendesha. Gari lina mwenyewe, na mwenyewe anataka hesabu yake ya siku. Wewe unapolipia safari ya Moshi, sehemu kubwa ya ile hela inakwenda kwa mwenye gari, na kama mmekubaliana mafuta yamo humo humo, nyingine inaishia kwenye pampu. Kinachobaki ndicho cha dereva, pamoja na chochote utakachompa mwishoni ukijisikia. Akilala njiani, ile siku ya pili mwenye gari naye ana hesabu yake. Chumba cha gesti kinatoka kwenye kile kidogo kilichobaki. Kwa hiyo dereva ana kila sababu ya kukwambia, "Bosi, tunageuza tu leo leo, mimi nimezoea." Na wapo ambao gari wamepewa jioni hiyo tu na mwenzao aliyechoka, kwa mtindo wa deiwaka. Umekodi dereva wa pili bila kujua wa kwanza alikuwa nani, na huyu wa pili mchana wote alikuwa akiendesha daladala.

"Nimezoea." Hilo neno nalichukia kuliko maneno yote ya barabarani. Nani amemzoea usingizi? Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio rahisi kulielewa. Waliwapima watu waliokesha, wakawapima na waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya vibaya sawa na mwenye kiwango cha ulevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na aliyefikisha saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Sasa piga hesabu ya Kibongo. Dereva ameamka saa 11 alfajiri, ameshinda kwenye foleni za Dar, saa 4 usiku anakuja kukuchukua. Hapo tayari ana saa 17. Hamjafika hata Kibaha.

Ukimkuta anakunywa bia mbili kabla ya safari ungemshusha na kudai hela yako urudishiwe. Lakini kwa usingizi tunamnunulia kinywaji cha kuongeza nguvu pale Chalinze na kumwambia kaza, bado kidogo. Bado kidogo wapi? Kutoka Dar hadi Moshi ni kilomita zaidi ya 500, na Chalinze ni kama 100 tu za kwanza. Ukikata kupitia Bagamoyo na Msata huioni hata hiyo Chalinze, lakini giza ni lile lile. Mbele kuna Segera, Korogwe, Mombo, halafu ile nyoofu ndefu ya kuelekea Same ambayo barabara inanyooka mpaka macho yanachoka kwa kukosa la kuangalia. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linamaliza mita 111 kwa sekunde 4. Ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Mtu akisinzia sekunde 4, ambazo mwenyewe anaweza asijue kama alisinzia, ameuvuka uwanja mzima bila dereva.

Halafu kuna ule utaratibu wetu wa kumweka mtu kiti cha mbele "amwongeleshe dereva". Mara nyingi anachaguliwa mjomba mwenye maneno mengi. Mjomba anaongea siasa na mpira mpaka Msata, baada ya hapo unasikia koromo. Dereva anabaki na redio.

Nisipotaja misiba nitakuwa nimekwepa penyewe, kwa sababu safari nyingi za usiku za magari ya kukodi ni za misiba. Mtu amefariki Dar, kwao ni Kilimanjaro, Kagera au Mbeya. Kamati inakaa, inakodi Coaster na magari madogo, na mazishi yamepangwa kesho mchana. Ibada au kuaga kunachelewa, kama kawaida yetu, na msafara unaotakiwa kuondoka saa 9 alasiri unaondoka saa 2 usiku. Saa ya mazishi haisogezwi hata kidogo. Muda wote uliopotea kwenye hotuba na kupiga picha analipishwa dereva barabarani.

Usiku wa Februari 3, 2023, huko Korogwe mkoani Tanga, Coaster iliyobeba mwili na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso. Taarifa ya kwanza ilitaja watu 17 waliofariki, na idadi iliongezeka baadaye. Taifa zima liliomboleza. Naomba nieleweke, sisemi dereva wa Coaster alisinzia. Taarifa zilizotolewa zilisema Fuso ndilo lililokuwa likijaribu kulipita gari jingine. Naitaja kwa sababu nyingine. Barabara ya usiku ina malori, ina magari yasiyo na taa za nyuma, ina Fuso linalopita pasipopitika, na anayetakiwa kuliona mapema na kulikwepa ni mtu mwenye macho makavu. Dereva aliyelala vizuri hawezi kuizuia kila ajali. Aliyekesha hana hata nafasi ya kujaribu.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa mimi ni kijana wa mjini nisiyejua gharama za msiba, na kwamba watu wanachanga kwa shida. Ni kweli wanachanga kwa shida. Lakini nimeona bajeti za misiba na harusi, mjukuu wa watu nimekaa kwenye kamati. Kuna mapambo, kuna maturubai, kuna mpiga video, kuna fulana zenye picha ya marehemu, kuna vinywaji. Chumba cha gesti ya kawaida Same au Korogwe hakifikii bei ya kreti moja la bia. Tukisema hatuna hela ya kumlaza dereva, maana yake ni kwamba tumeipanga hela hiyo mahali pengine.

Jibu la pili nililosikia ni kwamba dereva ni mtu mzima, angekataa mwenyewe. Akatae vipi? Akikataa yeye, nyuma yake wapo watano waliokaa kwenye maegesho tangu asubuhi bila abiria. Dereva mmoja mtu mzima, ananiita mdogo wangu, aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kupeleka watu mikoani, usiku mwingi amelala ndani ya gari, kiti amekilaza, dirisha amelifungua kidogo. Wenye safari wako ndani wanakula. Mara nyingine wanamkumbuka na sahani ya wali, mara nyingine hapana. Anachokumbuka zaidi si baridi ya Marangu wala mbu wa Kahama. Anakumbuka kugongewa kioo saa 10 usiku, "Mzee, amka, tunaondoka."

Wenzetu Ulaya wameliandikia sheria jambo hili, kwa malori na mabasi. Dereva akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku ya kawaida hazidishi saa 9 za usukani. Siwaombi wabunge wetu wanakili sheria hiyo kwa ajili ya Noah za Kinondoni. Nani ataisimamia? Trafiki wa Mombo hana namna ya kujua dereva aliamka saa ngapi. Anayeweza kujua ni wewe uliyekaa naye gari moja. Wewe ndiye unayeweza kusema safari inaanza saa 11 alfajiri badala ya saa 4 usiku, makubaliano na mwenye gari ni ya siku mbili na hesabu ya siku ya pili imo kwenye bei, na dereva ana chumba chake kabla hamjafungua mabegi yenu.

Na ukiwa unaangalia gari, acha kupiga teke tairi, angalia namba. Namba ya njano ni gari la binafsi, nyeupe ndiyo ya biashara. Ukikodi lenye njano, ujue bima yake imekatwa kwa matumizi binafsi, si kwa kubeba abiria wa kulipa, na likitokea la kutokea utaanza kusumbuana na watu ambao hukuwa na mpango wa kuwafahamu. Wengi wanayakodi hivyo hivyo kwa kuwa ni nafuu. Muulize na leseni yake ni ya daraja gani. Hatakuchukia. Wale wa maegesho waliniambia wanampenda mteja anayeuliza, kwa sababu huyo ndiye anayelipa na hela ya chumba.

Kwa wanaokwenda Dodoma shida imepungua tangu treni ya SGR ianze kufika huko mwaka 2024. Mwenye mkutano asubuhi hana tena sababu ya kumkesha dereva kupitia Morogoro na Gairo. Lakini treni hiyo haijafika Moshi, haijafika Bukoba wala Mbeya, na Desemba Wachaga wataenda nyumbani kama kila mwaka, magari yatakodiwa yaishe. Misiba nayo haina msimu.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kamati, ikifika zamu ya usafiri na katibu akaandika idadi ya magari na jumla yake, mwombe aongeze mstari mmoja hapo chini: malazi na chakula cha madereva. Auandike kabla ya kufika kwenye mapambo, maana hela ikishafika huko hairudi.