Mhudumu wa Afya Asichaguliwe kwa Undugu



Katika vijiji vyetu wako wagonjwa wasioweza kwenda zahanati. Yuko mzee aliyepooza. Yuko mama aliyelala kitandani miezi mingi. Hawa hutunzwa nyumbani. Je, anayewatunza amejifunza kazi hiyo?

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni kupata wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Mafunzo yao ni ya miezi sita, darasani na kwa vitendo. Wapo wanaosema muda huo ni mrefu mno. Husema, "Kutunza mgonjwa ni huruma tu. Bibi zetu walisomea wapi?"

Mimi sikubaliani nao. Kuishi kwingi ni kuona mengi, hilo ni kweli. Lakini huruma peke yake haitoshi.

Tuchukue mfano wa hapa Maji ya Chai. Maji ya sehemu nyingi za Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi. Madini hayo hufanya meno ya watoto yawe ya kahawia. Yakizidi sana, huharibu hata mifupa. Mhudumu asiyefundishwa atasema, "Chemsheni maji, yatosha." Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki ileile. Aliyefundishwa atawaeleza watu kuwa mkaa wa mifupa huchuja floraidi. Utafiti wa kazi hiyo umefanyika hapo jirani, Ngurdoto.

Tazama mfano mwingine. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgongo na kiuno. Yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Mtoto anayeharisha, kama dawa ya pakiti haipo, hutengenezewa maji ya chumvi na sukari. Vipimo ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi, mtoto hudhurika. Mama mwenye huruma nyingi anaweza kukosea hapo.

Basi, mkutano ukiitishwa, tusimchague mtu kwa kuwa ni mtoto wa mjomba. Tumchague anayesoma vizuri, mwenye subira, na anayetunza siri za wagonjwa. Akirudi kutoka mafunzoni, tusiridhike na cheti tu. Muuguzi wa zahanati amwone akifanya kazi. Amgeuze mgonjwa. Asome maandishi ya pakiti ya dawa. Ataje dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitali. Akishindwa, arudie kujifunza. Hiyo si aibu. Aibu ni kumkabidhi mgonjwa kwa mtu asiyejua.

Jadilini darasani: Katika kitongoji chenu, nani anafaa kazi hii? Kwa nini?