"Nakuja" inavyotumaliza vijana

Mimi hapa Mafiga, Morogoro, mzima wa afya, ila wiki hii nimeumbuka. Kwa kuwa tumezoeana, bora nikusimulie mwenyewe.

Jumanne iliyopita bi mkubwa aliniomba nimsindikize kliniki. Ana presha, kizunguzungu kinamsumbua, kwa hiyo kugombania daladala peke yake ni shida. Saa mbili asubuhi akanipigia simu nikiwa kijiweni nacheza drafti. Nikamjibu, "Nakuja." Saa tatu akapiga tena. "Nakuja, mama, niko njiani." Njiani wapi, wakati ndiyo kwanza nimeingiza kingi!

Nilipofika nyumbani saa tano nikakuta mlango umefungwa. Alikwenda mwenyewe. Alirudi saa nane, kachoka, akakaa barazani. Wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, sikukuomba hela. Nilikuomba asubuhi moja."

Jamani, kauli hiyo haijanitoka mpaka leo.

Hebu angalia hili neno lenyewe. Mtu anainuka, anakupa mgongo, anaondoka zake, halafu anakuaga, "Nakuja!" Ndivyo tulivyo vijana. Mama akiita, nakuja. Fundi aliyekubali kukufundisha kazi akiita, nakuja. Adhana ikiita, kengele ya kanisa ikilia, nakuja. Mungu mwenyewe tunamwambia nakuja huku tunakwenda upande mwingine.

Najua utasema, "Ajira hakuna bwana, unataka tufanye nini?" Sikucheki, maana hata mimi nimemaliza fomu foo nikakaa. Kukosa kazi si dhambi. Lakini aliyekosa kazi hajakosa siku. Hela tumepewa kwa kuzidiana, ila saa 24 tajiri anazo na wewe unazo.

Na vitabu vya dini havikunyamaza. Surat Al-Asr, sura ya 103 ya Kurani, ina aya tatu tu, na Mwenyezi Mungu anaianza kwa kuuapia wakati wenyewe. Mtume Muhammad (S.A.W.) naye alifundisha kwamba afya na nafasi ni neema mbili ambazo watu wengi zinawapita bure. Ndugu zangu Wakristo wanayo Zaburi ya 90, sala ya Musa, anayemwomba Mungu awafundishe watu wake hesabu ya siku zao.

Basi na mimi Jumatano nikachukua daftari nikapiga hesabu. Kijiweni, saa tano. Simu, saa tatu. Sala zote za siku nzima hazikufika nusu saa, maana mbili zilinipita. Niliona aibu, nikalifunga daftari.

Hapa Morogoro tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengine. Tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Simhukumu yeyote, Mungu awarehemu. Ninachowaza ni kwamba hawakosi walioaga nyumbani asubuhi ile kwa neno hilihili, "Nakuja."

Sisemi uache kijiwe, kucheka na washikaji nako ni afya. Nasema drafti ingoje jioni. Akina mama wanaoshuka na mboga kutoka milima ya Uluguru wanakuwa wameshatembea mwendo mrefu wakati sisi bado tunajigeuza kitandani. Asubuhi mpe Mungu chake, mpe mzazi chake, halafu jifunze hata kushona au kuziba pancha. Kumsindikiza mgonjwa nako ni ibada, wala hakuhitaji mtaji. Na mtu akikuita, kama unakwenda, nyanyuka. Kama huendi, sema huendi, asikae anakungoja.

Kliniki nyingine ya bi mkubwa ni mwezi ujao. Sijamwahidi kitu, maana neno langu limeshashuka bei. Ila siku hiyo, saa moja asubuhi, atanikuta mlangoni nimeshavaa viatu.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.