Kabla hujachapisha bango, tafuta mwenye brashi

Wewe unayepanga kufungua kibanda cha samaki Kondele, au kinyozi kule Nyalenda, tuongee kidogo. Najua bango lako tayari liko kwa simu. Umechagua ile fonti nene ya duara, inayojifanya imeandikwa kwa mkono, herufi zikichezacheza kama watoto wa nasari. Inapendeza, sikatai. Shida ni kwamba jirani yako ameichagua pia, na yule wa ng'ambo ya barabara.

Fonti hizi zina kazi yake. Maarufu zaidi kati yazo, Comic Sans, ilibuniwa na Vincent Connare mwaka 1994 akiwa Microsoft. Aliona programu ambamo mbwa wa katuni anaongea kwa herufi rasmi za Times New Roman, akahisi hapo kuna kitu hakikai. Akaiga herufi za vitabu vya katuni. Somo ni kwamba herufi zina sauti. Zikiwa na kingo za mviringo na unene mmoja, zinasema "karibu, keti". Zinafaa jina la kibanda, menyu au kadi ya besidei. Aya ndefu haziwezi, na ilani ya "hatari, maji yana kina" zitaigeuza mzaha.

Lakini kama unataka mwandiko wa mkono, mbona usitumie mkono wenyewe? Nenda Dunga uangalie boti zilizovutwa ufuoni. Kuna majina yaliyopakwa ubavuni kwa brashi. Fundi anapima kwa jicho, anapanua herufi pale mbao inapopinda, anabana jina refu ili lisiishiwe na nafasi. Sasa fanya jaribio. Tafuta neno "ngege" kwenye bango la kuchapishwa. Mara nyingi g zote mbili ni pacha, na e vilevile. Kwa brashi, kila g ina tabia yake, na jicho la mpita njia linalijua hilo hata kama yeye hajui aliloliona.

Utasema kuchapisha ni haraka. Kweli, na kama ni bango la wikendi moja, chapisha tu. Lakini bango la plastiki likikaa juani linapauka, upepo wa ziwa unalipasua kona, nawe unarudi kulipa upya. Rangi ya mafuta kwenye mabati ikififia, fundi anaigusa tena pale pale.

Kuna jambo kubwa zaidi. Ufundi huu wengi huupata kwa kumshikia fundi mkopo wa rangi na kumtazama, siku baada ya siku. Kazi zikikauka, hakuna kijana atakayeshika huo mkebe. Tutabaki na fonti zinazoiga mkono ambao mtaani haupo tena.

Kwa hivyo fanya hivi. Mwonyeshe fundi fonti unayoipenda kwa simu, umwambie aanzie hapo kisha aandike kwa mkono wake. Jina la biashara liwe la duara, licheke. Bei na nambari ya kulipia viwe kwa herufi za kawaida, zinazosomeka hata na mtu aliye juu ya boda. Halafu mlipe vizuri, na mwambie atie sahihi yake kwenye kona.