Yesu Anarudi, Lakini Risiti Usitupe

Hapa Kinanie, muulize mtu aliyeuziwa ploti hewa amefika wapi na kesi yake. Atakujibu, "Nimemwachia Mungu."

Namwelewa. Oktoba 2023, huku kwetu Mavoko, matingatinga yalibomoa nyumba za watu kwenye ardhi ya kampuni ya East African Portland Cement. Mahakama ilikuwa imeamua ardhi ni ya kampuni. Wengi walisema walinunua viwanja hivyo kwa jasho lao. Baada ya hapo, utamwambia nini mtu kuhusu haki?

Mimi mwenyewe niliacha chuo kwa kukosa karo, najua kungoja kunavyouma. Na naamini Kristo atarudi, kila tapeli ajibu mbele zake. Bila hiyo imani ningekuwa nimekata tamaa kitambo.

Lakini wasee, someni Luka 18. Yule mjane hakukaa nyumbani akisema Mungu anaona. Alimrudia hakimu asiyemcha Mungu mpaka akamchosha. Yesu alimtumia kutufundisha kuomba bila kukata tamaa, kisha akauliza kama akirudi ataikuta imani duniani.

Mimi nasoma hivi: usiku piga magoti, asubuhi panda matatu uende kortini. Kabla ya kununua, fanya sachi ofisi ya ardhi. Ukiibiwa, ripoti polisi, chukua namba ya OB, weka risiti.

Tapeli anapenda sana ukimwachia Mungu halafu ukanyamaza.